Kitufe Changu, Kidole cha Kapteni

SEHEMU YA SABA

Barua zenu za wiki hii nimezisoma zote, pamoja na ile ya bwana mmoja wa Kaunti ya Weller aliyeniita nyoka mwenye vyeo. Anasema alikuwa ameketi juu kwenye roshani ya wageni, akaliona jina langu likiwaka jekundu kwa macho yake mawili. Ni kweli, bwana, liliwaka. Leo nitakueleza lilivyowaka, na ukimaliza kusoma unaweza kuendelea kunichukia kama bado una nguvu.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni Ardith Kolar, sajenti mstaafu wa jeshi la akiba la jimbo, dereva wa malori kwa miaka ishirini na miwili, kisha mbunge katika bunge la jimbo kwa vipindi vitatu. Aliyenitoa kwenye malori akaniingiza kwenye siasa ni Kapteni Royce Tillman, kamanda wangu kule Iraki. Yeye ndiye aliyenitembeza mlango kwa mlango kuomba kura. Yeye ndiye aliyesimama nyuma yangu nilipokula kiapo. Tuliomba wenyewe tukalie dawati moja, na tukapewa.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi dereva mwenzetu, Leon Wickham, alivyokata roho Jumamosi katika Nyumba ya Wanajeshi Wastaafu ya Bell Prairie, mapafu yamekwisha kwa moshi wa yale mashimo tuliyokuwa tukichomea taka za kambi. Niliwaeleza pia kuhusu muswada wangu. Serikali ilitaka Nyumba ile ifungwe mwezi wa sita, na wagonjwa arobaini na mmoja wapakiwe kwenye mabasi, wakamwagwe maili mia tatu kutoka kwa kila mtu anayewajua kwa jina. Muswada ulikuwa wa kuzuia hayo tu, hauna jingine ndani.

Sasa tuendelee.

Kura ilipangwa Jumanne, saa tisa alasiri. Mazishi ya Leon nayo yakapangwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, huko huko Bell Prairie, maili hamsini kutoka bungeni.

Jumatatu nilimkuta Kapteni mezani, anakula pai ya cheri kwenye mkahawa wa chini ya bunge. Nikaketi bila kukaribishwa.

"Sijui nifanyeje," nikamwambia. "Leon aliniomba kitu kimoja tu. Alisema, 'Sajenti, bendera yangu asimpe mama yangu mtu asiyenijua. Mpe wewe.' Nilimwahidi."

"Basi nenda ukampe."

"Na muswada?"

"Saa tisa utakuwa umesharudi. Utakula viazi vya kanisani, utaendesha, utafika umeshiba."

"Wakiuleta mapema?"

Kapteni akaweka uma chini. Ana macho ya kijivu yaliyotulia sana, na kwa miezi kumi na minne kule jangwani macho yale ndiyo yaliyoniambia kama barabara ya mbele ni salama.

"Wakiuleta mapema, niachie ufunguo. Nitakubonyezea."

"Royce, huko ni maili hamsini. Si kwenda chooni."

"Ardith, kwenye lori ulikuwa unalala, mimi naangalia barabara. Uliwahi kuamka mtaroni?"

"Hapana."

"Basi."

Hapa lazima nikiri jambo, maana hii ni safu ya kukiri na wahariri hawanilipi niwapambe. Kila mbunge pale bungeni ana vitufe viwili mbele yake, cha kijani na chekundu, na ufunguo mdogo wa kuvifungua; rangi anayobonyeza ndiyo inayowasha jina lake kwenye ubao ukutani. Kanuni inasema mbunge atabonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Kanuni ile tulikuwa tunaiheshimu kama watu wanavyoheshimu ubao wa kuzuia mwendo kasi. Mwenzako akienda kununua kahawa, unambonyezea. Akiwa kwenye simu na mkewe, unambonyezea. Tulikuwa na jina lake kabisa, kubonyezeana, na mimi nilishambonyezea Kapteni mara nyingi kuliko nilivyoweza kukumbuka. Siku moja nilimpigia kura tatu mfululizo naye yuko kwa kinyozi.

Kwa hiyo nikautoa ufunguo mfukoni nikauweka kando ya pai yake.

"Kijani," nikasema.

"Unanifundisha rangi?" akacheka. "Kijani, Sajenti. Nenda ukamzike kijana wetu."

"Wewe huji?"

"Mmoja wetu lazima abaki kulinda kura. Nimeshatuma maua."

Jumanne nilivaa sare yangu ya zamani. Kiuno kiligoma kidogo lakini vifungo vilifunga. Makaburi ya Bell Prairie yako wazi kabisa, hayana mti hata mmoja wa kumkinga mtu, na upepo wa mwezi wa nne ulikuwa unachapa kama una ugomvi na marehemu. Watu walikuwa kama sitini. Mama yake Leon, Bi Opal Wickham, aliketi mbele kwenye kiti cha kukunja, kofia yake ya kanisani ameishika kwa mkono mmoja isipeperuke. Ana miaka themanini na moja. Alimzaa Leon akidhani umri wa kuzaa umempita, na hakupata mwingine.

Tuliikunja bendera iliyolifunika jeneza, mimi na mzee mmoja wa chama cha wastaafu. Mikunjo kumi na mitatu. Upepo ulituvuta kila mkunjo, na mzee alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, "Saba, shika, nane, shika." Ilipobaki pembetatu ya buluu yenye nyota, nikaibeba kifuani nikaenda nikapiga magoti kwenye udongo mbele ya Bi Opal, nikayasema yale maneno ya shukrani ya taifa.

Sikuyamaliza vizuri. Sauti ilikatika katikati.

Bi Opal akaipokea bendera, akanishika shavu. "Umeyasema vizuri, mwanangu. Leon alikuwa anasema una sauti ya bati, lakini leo ilikuwa nzuri."

Tukacheka wote wawili huku tunalia. Saa ya mkono wangu ilionyesha saa tano na dakika kumi na mbili. Niliiona kwa sababu mkono wangu ulikuwa chini ya mkono wake. Ishikeni kichwani saa hiyo.

Tarumbeta ya kumuaga ilipokwisha, niliwasha simu nikakuta watu kumi na tisa wamenitafuta. Ya ishirini ikaita mkononi. Alikuwa mwandishi wa gazeti la kaunti yetu, bwana mmoja anayeongea haraka kama dalali wa ng'ombe.

"Mheshimiwa Kolar, wasomaji wangu wanataka kujua kwa nini umeuua muswada wako mwenyewe."

"Nimeuua muswada gani?"

"Wa Nyumba ya Bell Prairie. Umeanguka. Arobaini na nane ndiyo, arobaini na tisa hapana. Jina lako lilikuwa jekundu."



"Kura ni saa tisa," nikasema.

"Ilikuwa saa tisa. Kapteni Tillman alisimama akaomba iletwe mbele, ipigwe saa ileile ya maziko, kwa heshima ya marehemu. Wabunge walisimama kimya kwanza. Watu walilia, Mheshimiwa. Halafu wewe ukapiga hapana. Kwa nini?"

"Kapteni Tillman alipiga nini?"

"Ndiyo, bila shaka. Yeye ni mwanajeshi." Akapandisha sauti. "Mbona nasikia upepo? Uko wapi?"

"Nje," nikasema, nikakata.

Kapteni alikuwa amebonyeza chake cha kijani na changu chekundu. Mkono mmoja, dawati moja, dakika moja. Nilisimama pale kati ya makaburi nikitafuta namna ya kumtetea, naapa, nilimtafutia udhuru kwanza kabla ya kujitafutia mimi. Labda kidole kiliteleza. Labda mitambo. Miaka kumi na tisa nilimwamini mtu yule kwa roho yangu, na roho haijui kuacha kazi ghafla.

Bi Opal alikuwa ananitazama. "Nini, mwanangu? Uso umekuwa mweupe."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la pili. La kwanza mnalijua, ni ule ufunguo. La pili ni kwamba sikumwambia mama yule ukweli.

"Hakuna kitu, Bi Opal. Kazi tu. Lazima niwahi."

"Hata hujala! Wamepika viazi vya jibini. Na Bi Muriel ameleta ile jeli yake ya kijani yenye karoti, mtu lazima aile, asije akaudhika."

"Kula na fungu langu," nikasema, nikakimbilia gari na viatu vyangu vya tope.

Kwenye redio walikuwa wanarudia sauti yake. "Nimesikitika sana," Kapteni alikuwa anasema, sauti nzito ya mazishi. "Sajenti Kolar ni rafiki yangu. Siwezi kumsemea. Kila mmoja atajibu kwa dhamiri yake." Nilipiga usukani hadi honi ikalia, na mkulima mmoja kwenye trekta akanipungia mkono akidhani namsalimu.

Nilimkuta kwenye korido ya marumaru nyuma ya ukumbi. Alikuwa peke yake, anafunga koti. Aliniona nikija na sare yangu na tope langu, wala hakurudi nyuma hata hatua moja. Nampa hilo.

"Niambie kiliteleza," nikasema.

"Hakikuteleza."

"Royce. Niambie kiliteleza, nitakuamini."

"Ardith, usijidhalilishe. Kiongozi wa chama alikuwa anahitaji kura moja muswada uanguke. Moja tu. Alikuwa ameshanipa kiti cha seneti mkononi, na bei yake ilikuwa hiyo kura. Ningefanyaje? Novemba naenda kuomba kura kwa wastaafu jimbo zima. Siwezi kwenda kwao na jina jekundu."

"Lakini mimi naweza."

"Wewe watu wanakupenda. Watakusamehe."

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayekupa zawadi. Nadhani ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Na kile kiti cha seneti," nikasema, "nilidhani tumekubaliana nigombee mimi. Ulinishika mkono kwangu, mezani kwangu, unakula nyama yangu ya kuoka."

"Tulikubaliana kabla sijaambiwa. Amri zinabadilika."

"Leon alikutoa kwenye lori linalowaka moto."

"Najua."

"Alikubeba mgongoni, Royce! Mguu wako unavuja damu, yeye anakohoa, akakubeba!"

"Najua alichofanya. Nimekwambia nimetuma maua."

Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Kapteni akautazama, akauacha ushuke.

"Nenda kwa Spika," akasema. "Mwambie ukweli. Mwambie ulikuwa maili hamsini na ukaniachia ufunguo wako. Mimi nitakaripiwa. Wewe, uliyeacha kura yako ipigwe nawe uko kaunti nyingine, watakufukuza kabla ya chakula cha jioni. Na usidhani kuna atakayekusaidia. Watu zaidi ya tisini waliona kiti chako kitupu leo asubuhi, na wote wamebonyezeana mwezi huu. Hakuna aliyeona kitu."

Akaenda zake. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa.

Wasomaji, mimi si mtu wa kulia korido. Nililia korido.

Mlango wa ofisi ya karani ndio uliokuwa karibu, nikaingia humo nijifute. Karani mkuu wa bunge letu alikuwa Bi Idella Frye, mwanamke mwembamba wa miaka sabini ambaye kwa miaka thelathini hakuna aliyejua anapenda chama gani, wala anapenda nini, ukiacha peremende za mnanaa. Akanisogezea bakuli.

"Chukua mbili," akasema. "Unaonekana wa mbili."

"Bi Idella, nikienda kwa Spika nikasema kura ile haikuwa yangu, muswada unafufuka?"

"Siruhusiwi kumshauri mbunge."

"Najua. Samahani."

"Ila hesabu si ushauri. Ukiondoa kura moja nyekundu kwenye arobaini na tisa zinabaki arobaini na nane. Na za kijani ni arobaini na nane. Sare, na muswada ukipata sare umekufa vilevile. Tofauti ni kwamba nawe unakuwa umekufa pembeni yake."

Akavaa miwani, akavuta kitabu cha kanuni chenye jalada lililobanduka.

"Uzee huu umenitia tabia mbaya," akasema. "Najisomea kwa sauti. Ukikereka toka nje." Akalamba kidole, akafunua. "'Hoja ya kurudia kura itatolewa siku ileile iliyopigwa kura, kabla bunge halijaahirishwa. Na itatolewa na mbunge aliyepiga kura upande ulioshinda, si mwingine.'"

Nikaacha kutafuna.

"Rudia," nikasema.

"Sirudii. Sauti yangu mbovu." Lakini akanitazama juu ya miwani. "Waliitunga hivyo ili walioshindwa wasiombe kura mpya kutwa nzima. Aliyeshinda tu ndiye anaruhusiwa kubadili mawazo. Leo wameshinda wekundu. Wako arobaini na tisa. Arobaini na nane kati yao hawatasimama hata uwawashie moto chini ya viti."

"Na yule wa arobaini na tisa?"

"Huyo simjui," akasema Bi Idella. "Ila akisimama, Spika atamuuliza kama kweli alipiga kura upande ulioshinda. Akisema si yeye aliyepiga, hoja haipo. Akisema ni yeye, basi kura ile ni yake. Itaandikwa kitabuni hivyo, na wajukuu wake wataikuta. Kwa kuwa kura ya saa tisa imeshapigwa, bunge litaahirishwa saa nane. Sasa ni saa saba na dakika ishirini. Chukua peremende nyingine."

Mmeelewa? Kapteni alinipaka matope ili anizike, na matope yenyewe ndiyo yaliyonipa haki ya kusimama. Katika bunge zima nilikuwa mtu pekee niliyeweza kuufufua ule muswada. Kura ya pili ningebonyeza mwenyewe, kijani, na tungekuwa arobaini na tisa kwa arobaini na nane. Wagonjwa arobaini na mmoja wangebaki kwenye vitanda vyao. Bei yake ilikuwa uongo mmoja. Niseme mbele ya jimbo zima kwamba mimi, Ardith Kolar, asubuhi ambayo Leon alikuwa anashushwa kaburini, niliketi pale kwa akili zangu timamu nikawapigia wenzake nyekundu.

Nilijua watu sitini waliniona makaburini. Nikajiambia waje kesho na ushahidi wao, wanifukuze kesho. Leo muswada upite. Nikapangusa uso, nikaingia ukumbini.

Kapteni aliniona nikikaa, akadhani nimekuja kunywea. Akanirudishia ufunguo wangu, akauteleza juu ya meza bila kunitazama. Nikauchomeka. Nikasimama.

"Mheshimiwa Spika, natoa hoja ya kurudia kura ya muswada wa Nyumba ya Bell Prairie."

Kelele zilizotokea zingeamsha kambi nzima. Kiongozi wa chama alinyanyuka nusu, akakaa, akanyanyuka tena. Niliona shingo ya Kapteni imekuwa nyekundu kuanzia kwenye kola kwenda juu. Alikuwa amefikiria kila kitu, mjanja yule, ila hakufikiria kwamba ningekubali kuivaa ile nguo aliyonishonea.

"Kaa chini," akaninong'oneza. "Ardith. Unajua utaitwa nini?"

"Umesema watanisamehe."

Spika akagonga nyundo mpaka wakanyamaza. Ni mkulima wa ngano, mtu mzito, hana haraka.

"Mheshimiwa Kolar, hoja hii inaruhusiwa kwa mbunge aliyepiga kura upande ulioshinda. Ubao unaonyesha ulipiga hapana. Nakuuliza ili iandikwe. Ulipiga hapana?"

Wakati ule ule mlango wa roshani ya wageni ukafunguka juu. Nikaiona kofia kwanza. Bi Opal, ameshikwa kiwiko na mchungaji wake, pumzi juu juu kwa ngazi, na ile pembetatu ya buluu ameikumbatia kifuani. Kumbe redio ya jikoni kanisani iliwaambia kwamba Kolar amepiga hapana, na yeye akaiacha jeli ya Bi Muriel, akamwamuru mchungaji awashe gari. Hayo niliambiwa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba amefika, na kwamba itabidi anisikie.

Wastaafu waliokuwa juu wakasogea wampishe kiti cha mbele. Akaketi. Akaniona. Akanipungia vidole viwili, kama mtu anayemsalimu binti yake kwenye sherehe ya shule.

Nilitamani sakafu inimeze. Nilifikiri, atanichukia mpaka anaingia kaburini, naye hayuko mbali na kaburi. Nikafikiri vile vitanda arobaini na kimoja. Leon angesema nini? Leon angesema, endesha, Sajenti.

"Ndiyo, Mheshimiwa Spika," nikasema. "Nilipiga hapana."

Juu kukawa na mlio, ule wa watu wengi wanaovuta pumzi pamoja. Mmoja akapiga kelele, "Aibu!" Labda alikuwa wewe, bwana wa Weller. Mwingine akasema neno ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika.

Spika akainua nyundo. "Basi hoja imekubalika, na bunge lita..."

"Huo ni uongo!"

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ukumbi ule ulijengwa na watu waliojua kazi yao. Ilifika kila mahali. Bi Opal alikuwa amesimama, ameegemea ukuta mfupi wa roshani. Kofia ilikuwa imemwenda upande.

"Msimwache ajipake mavi huyo binti! Sijui mmemtisha na nini! Hakupiga kura yoyote, hakuwa hapa! Redio inasema mlipiga saa tano na dakika kumi na mbili. Saa hiyo alikuwa amenipigia magoti makaburini, ananipa hii!" Akainyanyua ile bendera juu kwa mikono yake yote miwili. "Watu sitini walimwona! Nimekuja maili hamsini kuwaambia! Huyo hawezi kuwasaliti wenzake!"

Mpambe wa bunge alianza kupanda ngazi kwenda kumtoa, akafika katikati akasita. Hakuna aliyemhimiza.

Spika aliishusha nyundo polepole, akailaza kwenye kitako chake bila kugonga.

"Mheshimiwa Kolar," akasema. "Nakuuliza mara moja tu, na karani anaandika. Leo saa tano na dakika kumi na mbili ulikuwa wapi?"

Bi Idella alikuwa ameinamia kitabu chake, kalamu imesimama. Hakuinua kichwa.

Nikatazama juu. Bi Opal alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa kunikubalia, anajua ameniokoa. Kando yangu, Kapteni Tillman aliegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu niingie. Wekundu wa shingo ulikuwa umemtoka. Akanisogelea karibu sana, sauti ileile ya chini aliyokuwa akiniambia nayo kwamba barabara ya mbele ni salama.

"Msikilize mama wa watu, Sajenti," akasema. "Sema kweli."

Aliyenipenda na aliyeniuza walikuwa wananiomba kitu kimoja: kweli, na kweli ingeuua muswada. Nikashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, tope la kaburi la Leon bado likiwa kwenye kucha zangu, nikafungua mdomo. Nilichosema mtakisoma wiki ijayo.